Tinsley, Mkunguni, na Mabao Yasiyoandikwa

Mazungumzo kuhusu mashine na mabingwa wa michezo ya ubao yanapoanza, jina linalotajwa kwanza huwa ni la Garry Kasparov, na mwaka unaotajwa ni 1997, pale kompyuta ya IBM iliyoitwa Deep Blue ilipomshinda katika sataranji jijini New York kwa alama 3.5 kwa 2.5. Kisa hicho ni kizuri na kina haki yake. Hata hivyo, mimi niliyekulia Lamu, mahali ambapo bao na drafti huchezwa kuliko sataranji, ninaona kwamba aliyestahili kutangulizwa ni mtu mwingine, mtulivu zaidi na mwenye umri mkubwa zaidi, ambaye mchezo wake anaujua hata mtoto anayeokota vifuniko vya soda ili avifanye kete. Huyo ni Marion Tinsley, bingwa wa drafti.

Tinsley alizaliwa mwaka 1927 katika jimbo la Ohio nchini Marekani, akasomea hisabati, akaifundisha chuo kikuu huko Florida, na pembeni ya kazi hiyo alikuwa mhubiri. Ubingwa wa dunia aliushika kuanzia 1955 hadi 1958, akauacha, kisha akarudi na kuushika tena tangu 1975 hadi alipoamua mwenyewe kuuweka chini. Kuanzia mwaka 1950 hadi alipofariki mwaka 1995, michezo aliyoshindwa katika mashindano haikufika kumi. Mtu aliyezoea kukaa barazani na kuona jinsi drafti inavyoweza kuharibika kwa kete moja iliyosukumwa bila kuangalia atafahamu uzito wa hesabu hiyo. Ni kweli kwamba drafti yao si sawasawa na yetu, kwa maana kingi wao, yaani kete iliyofika mwisho wa ubao, huenda hatua moja moja tu wala haruki kutoka pembe hadi pembe kama wetu, lakini tofauti hiyo haipunguzi ugumu. Pengine huuzidisha, kwa sababu mchezaji hawezi kutegemea kingi mmoja aje kumwokoa baada ya uzembe wake.

Mwaka 1989, Jonathan Schaeffer na wenzake katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walianza kutengeneza programu ya drafti iliyoitwa Chinook. Mwaka uliofuata programu hiyo ilishika nafasi ya pili katika mashindano ya taifa ya Marekani, nyuma ya Tinsley mwenyewe, na kwa mujibu wa kanuni ikawa imepata haki ya kumpinga bingwa wa dunia. Vyama vya drafti vilikataa. Havikutaka taji la binadamu liwekwe rehani mbele ya mashine. Tinsley, aliyekuwa na umri wa miaka 63, angeweza kabisa kujificha nyuma ya uamuzi huo na kuzeeka kwa amani akiwa na taji lake kichwani. Badala yake alilirudisha taji kwa wenyewe ili awe huru kucheza, na vyama vikalazimika kuunda taji jipya la binadamu na mashine. Sababu yake ninaielewa vizuri. Wachezaji wengine walipokutana naye walikuwa wanatafuta sare tu na kushukuru wakiipata, ilhali Chinook haikuwa na hofu ya mtu, ikashambulia.

Katika mchezo mmoja wa kirafiki mwaka 1990, Chinook ilipocheza hatua ya kumi, Tinsley alimwambia Schaeffer hapo hapo kwamba ataijutia. Schaeffer alikuwa ameketi mbele ya kompyuta iliyomwonyesha kwamba mambo ni shwari. Baada ya hatua nyingine 26, Chinook ilisalimu amri. Mzee wa miaka 63 alikuwa ameuona mwisho wa mchezo mbali kupita upeo wa mashine, na sidhani kwamba aliuona kwa kuhesabu njia moja baada ya nyingine, kwa sababu hakuna kichwa cha binadamu kinachoweza kuhesabu hivyo. Aliitambua hali ile. Alikuwa ameishi nayo kwa miongo minne.

Mechi yenyewe ilifanyika London mwaka 1992. Tinsley alishinda michezo minne, akashindwa miwili, na 33 ikaisha kwa sare. Kati ya ushindi wake minne, mmoja ulipatikana kwa sababu kompyuta ilikwama katikati ya mchezo ikashindwa kujibu. Alikuwa na umri wa miaka 65. Alikuwa tayari ameshasema kwamba aliyemwandikia yeye programu ni bora kuliko aliyeiandikia Chinook, kwa kuwa Chinook iliandikiwa na Jonathan, na yeye aliandikiwa na Mola. Kauli hiyo, ukiitoa huko iliposemwa, ukaileta uwanja wa Mkunguni hapa Lamu baada ya sala ya alasiri, hakuna mzee atakayeiona ngeni.

Walikutana tena Boston mwaka 1994. Wakacheza michezo sita, yote ikaenda sare. Kisha Tinsley akaanza kuumwa na tumbo, vipimo vikaonyesha uvimbe katika kongosho, na akajiondoa. Taji likaenda kwa Chinook bila kushindaniwa ubaoni. Miezi michache baadaye, Aprili 1995, alifariki kwa saratani. Mwaka 2007, Schaeffer na wenzake walitangaza katika jarida la Science kwamba wameimaliza drafti: walithibitisha kwamba pande zote mbili zikicheza bila kosa, mchezo huisha kwa sare. Nikitazama nyuma kwenye zile sare 33 za London na sita za Boston, siwezi kuziona tena kama michezo iliyokosa mshindi.

Ninakaa juu ya kisa hiki kwa sababu kinavuruga simulizi tuliyoizoea, ile isemayo kwamba mashine inamshinda mtu kama ujana unavyomshinda uzee. Tazama umri wa walioshindwa. Kasparov alikuwa na miaka 34 alipoanguka mbele ya Deep Blue, mashine iliyokuwa ikipima takriban hali milioni 200 za ubao kwa sekunde. Lee Sedol wa Korea Kusini alikuwa na miaka 33 mwezi Machi 2016, alipofungwa na programu ya AlphaGo 4 kwa 1 katika Go, mchezo wa ubao wa Asia ya Mashariki, mjini Seoul. Ke Jie wa China, aliyefungwa 3 kwa 0 na AlphaGo mwaka 2017, alikuwa na miaka 19 tu. Hawa wote walikuwa katika nguvu zao. Aliyeiweza mashine akiwa na miaka 65 aliiweza kwa sababu mashine ya wakati wake ilikuwa bado changa, hilo nalikubali bila ubishi. Lakini linaonyesha pia kwamba mbele ya mashine iliyokomaa, tofauti ya kijana na mzee haina maana yoyote. Mashine haimheshimu mzee, wala haimhofu kijana.

Lee Sedol alistaafu mwaka 2019, akiwa na miaka 36, akieleza kwamba hata akiwa wa kwanza duniani bado kipo kitu kisichoweza kushindwa. Ninamheshimu, ila sikubaliani naye. Mbio za majahazi hapa Lamu hazikuvunjika heshima siku boti za injini zilipoanza kupita mkondo wa Shela, na hakuna nahodha aliyekunja tanga kwa sababu hiyo. Msimamo wa Tinsley, wa kulirudisha taji ili apate mpinzani, naona ndio msimamo wa mchezaji.

Swali la umri, basi, ni swali kati ya binadamu na binadamu, na hapa ndipo mashine imetufaa kwa namna ambayo haisemwi sana. Zamani, mtu akidai kwamba bingwa fulani amechakaa au bado yumo, alikuwa akitoa maoni tu, kwa sababu kushinda na kushindwa hutegemea pia umekutana na nani. Sasa kuna mwamuzi. Mwaka 2020 watafiti watatu, Anthony Strittmatter, Uwe Sunde na Dainis Zegners, walichapisha kazi iliyochukua zaidi ya michezo 24,000 ya sataranji ya wachezaji wa ngazi ya juu, iliyochezwa kati ya 1890 na 2014, wakaipitisha yote kwenye programu ya kompyuta na kulinganisha kila hatua iliyochezwa na ile ambayo mashine ingeichagua. Walikuta kwamba ubora wa mchezaji hupanda haraka hadi mwanzoni mwa miaka ya ishirini, kisha hupanda polepole, hufikia kilele karibu na umri wa miaka 35, na baadaye hushuka. Kwa kipimo hicho, Kasparov alishindwa na Deep Blue akiwa karibu kabisa na kilele cha umri wa mchezaji.

Wastani, hata hivyo, haumfungi kila mtu. Vasily Smyslov, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia miaka ya 1950, alifika fainali ya kumtafuta mpinzani wa bingwa mwaka 1984, akiwa anatimiza miaka 63, na aliyekaa mbele yake ni Kasparov aliyekuwa karibu kutimiza miaka 21. Alishindwa, lakini kufika pale kulimlazimu kwanza awaondoe watu walioweza kuwa watoto wake. Viktor Korchnoi alichukua ubingwa wa Uswisi mwaka 2011 akiwa na miaka 80, na mapema mwaka huo huo huko Gibraltar, kabla ya siku yake ya kuzaliwa, alimfunga Fabiano Caruana aliyekuwa na miaka 18 na ambaye miaka michache baadaye alicheza mechi ya kuwania ubingwa wa dunia. Korchnoi alikuwa mtu mkali, mwenye kinyongo kirefu. Nimewaona wazee wa aina hiyo, na nashuku kwamba ukali huo ndio unaowaweka macho.

Wanafanyaje? Mwanasaikolojia Neil Charness alilichunguza jambo hili mapema, akachapisha matokeo yake mwaka 1981. Aliwalinganisha wachezaji wa sataranji wa umri mbalimbali wenye kiwango sawa cha uchezaji, akakuta kwamba wale wakubwa kwa umri walikuwa na kumbukumbu dhaifu zaidi ya mpangilio wa kete na walichunguza njia chache zaidi kabla ya kuamua, na bado hatua walizochagua zilikuwa nzuri sawa na za vijana. Ni kama kutembea katika vichochoro vya Mji wa Kale: mgeni mwenye miguu yenye nguvu huingia kila njia na kurudi kila anapokuta ukuta, na mwenyeji mzee hufika kabla yake kwa kuwa zile njia zisizotoka hazimpitii hata akilini. Kinachomwangusha mzee, kwa hiyo, kwa kawaida si kusahau mchezo. Ni saa ya tano ya kukaa kitini, ni macho, ni mgongo, ni ile dakika moja ambayo akili inateleza na mpinzani wa miaka 20 haitelezi yake. Kwa Tinsley ilikuwa kongosho.

Sasa nije kwenye bao, maana ndilo linalonikaa moyoni. Anayepita Mkunguni, kwenye uwanja ulio mbele ya Ngome, jua likianza kupoa, ataona kwamba wanaoogopwa zaidi ubaoni mara nyingi wana mvi. Jambo hili linastahili kushangaza kuliko linavyotushangaza, kwa sababu bao ni mchezo unaoitesa kumbukumbu kuliko yote niliyoitaja. Katika sataranji, ukisogeza kete moja, nyingine zote zinabaki mahali pake. Katika bao kuna mashimo 32 na kete 64. Mchezaji ananamua, yaani anatia ubaoni kete aliyoiweka akiba, anakula, anazitia alizokula kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho wa mstari wa mbele, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete mwendo unaendelea, akila tena anaanza tena upande, nyumba, lile shimo maalumu la kuhifadhi kete, inaweza kusafiri au kubaki, na mpaka kete ya mwisho ilale katika shimo tupu, ubao mzima umebadilika sura. Kuijua sura hiyo kabla hujatia mkono ni kazi ya kichwa ambayo, kwa kufuata utafiti niliousimulia, ingepaswa kumkimbia mtu mapema. Mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt alikwenda Unguja miaka ya 1990 kuwachunguza mafundi wa bao kwa sababu hiyo hiyo: alitaka kujua kichwa cha binadamu kinafika wapi katika kukokotoa na kukumbuka.

Kwa mashine, ugumu huo wa bao si ugumu. Kutia kete 64 kuzunguka mashimo ni kazi ambayo simu ya bei ndogo huimaliza kabla hujapepesa jicho, na haisahau shimo hata moja. Jamaa mmoja wa bao kutoka Afrika Magharibi, mchezo wa awari wenye mashimo 12 na kete 48, ulimalizwa kabisa mwaka 2002 na John Romein na Henri Bal huko Amsterdam: kompyuta zao zilipitia hali zaidi ya bilioni 889 zinazowezekana, na jibu likawa kama la drafti, sare. Bao letu ni kubwa zaidi ya hapo kwa mbali, lakini sioni kinachoweza kulikinga milele, na wala sioni haja ya kulikinga.

Kinachonisumbua ni kitu kingine. Wale watafiti watatu waliweza kuwapima wachezaji wa tangu 1890 kwa sababu wachezaji wa sataranji wana mila ya kuandika kila hatua. Michezo ya Tinsley ipo, imeandikwa, na mwanafunzi wa leo anaweza kuipanga ubaoni akaona alichokiona yeye. Mafundi wetu wa bao wanaondoka na mabao yao. Hubaki sifa: fulani alikuwa hafungiki, fulani aliwahi kumfunga fulani siku ya sherehe, na baada ya kizazi kimoja hata sifa hiyo hugeuka kuwa ubishi wa barazani. Mwamuzi awe na akili kiasi gani, hawezi kuhukumu mchezo usioandikwa. Ikiwa kuna fundi wa bao wa Lamu ambaye akiwa na miaka 70 alicheza vizuri kuliko alivyocheza akiwa na 40, jambo ambalo sioni sababu ya kulikataa, hatutaweza kulithibitisha.

Na kuandika bao ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Hakuna dado wala bahati katika bao. Ukishajua hali ya ubao, mwendo wote, hata ukizunguka mara nne, unatokana na uamuzi mdogo wa mwanzo. Inatosha kuandika namba ya shimo, kuanzia moja hadi nane, herufi ya mstari, upande ambao kete zimetiwa, na alama moja ya kuonyesha kama nyumba imesafiri au imebaki. Mengine yote yatajitokeza yenyewe mtu akirudia mchezo ubaoni. Bao zima linaweza kuingia katika ukurasa mmoja wa daftari la shule. Shida pekee ni kasi, kwa kuwa mafundi hutia mkono kabla mwandishi hajainua kalamu, na ndiyo maana napendekeza simu isimamishwe juu ya ubao ipige video, kisha kijana aandike baadaye kwa utulivu.

Nimelipeleka wazo hili kwa mzee mmoja pale Mkunguni, fundi ambaye jina lake nitalihifadhi. Alinisikiliza huku akicheza, akala, akalaza kete, ndipo akanitazama.

“Mwanangu, kwani wataka watu wayajue mabao yangu ili wanifunge?”

Nilimweleza kwamba Tinsley alicheza na watu waliokuwa wameisoma michezo yake yote na bado hawakumweza. Hilo lilimpendeza. Aliuliza kama huyo bwana yu hai, nikamwambia ameshafariki, akamwombea.

“Basi andika,” akasema. “Lakini yale niliyofungwa, na aandike aliyenifunga, kama ana kalamu.”

Nilimwambia kwamba mabao yote yataandikwa, ya kufunga na ya kufungwa, na kwamba kando ya kila bao nitaweka tarehe na umri wa wachezaji, kwa sababu bila umri kazi yote itakuwa na faida nusu. Wapambe walicheka. Mzee hakucheka, aliweka kete moja chini na kuniuliza, kwa uzito wote, kama nataka umri ulio kwenye kitambulisho au ule aliokuwa akiutaja marehemu mama yake, maana kati ya hizo mbili kuna tofauti ya miaka sita. Tumekubaliana kwamba nitaandika yote miwili.